Siku Isiyohesabiwa kwa Kazi

Wazee wengi wanaosema Kiswahili cha Kongo wana namna yao ya kutaja siku za juma. Jumatatu wanaiita kazi moja, Jumanne ni kazi mbili, na hivyo hivyo mpaka kazi tano, ambayo ni Ijumaa. Jumamosi ni siku ya posho. Jumapili ni siku ya yenga. Sisi vijana tunayasikia majina hayo nyumbani na sokoni, na mara nyingi tunayacheka kidogo, kwa kuwa shuleni tumefundishwa majina mengine. Lakini ndani ya majina hayo imelala historia ambayo haijaandikwa sana katika vitabu vyetu. Sasa likizo kubwa imefika, daftari zimefungwa na kiangazi kimekausha barabara za lava, hivyo tumeona vema tuisome historia hiyo pamoja.

Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wanahesabu siku zao kutoka katika sala. Ijumaa ni siku ya kukusanyika kuswali, na siku inayofuata inaitwa Jumamosi, yaani ya kwanza. Hesabu yetu ya Kongo inaanzia penye kazi. Siku ya kwanza ni ile ambayo mtu ameitwa kazini, na ya tano ni ile ambayo ameitwa mara ya tano. Posho ni chakula alichogawiwa mfanyakazi mwishoni mwa juma, kwa kipimo, ili aweze kurudi tena kazi moja ikifika. Ndugu zetu wanaosema Kilingala wana hesabu iyo hiyo: mosala moko, mosala mibale, kisha poso. Siku moja tu ndiyo haikupewa namba ya kazi wala haikupewa jina la mgao wa unga. Hiyo ni yenga, neno lililotoka katika Kilingala, ambako eyenga ni sikukuu.

Hesabu hiyo ilitoka katika utawala wa kigeni. Mwaka 1885 nchi yetu ilifanywa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mwaka 1908 ikawa koloni la Ubelgiji. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana mipaka ya eneo letu, na hivyo Goma na Gisenyi, miji miwili inayonywa maji ya ziwa moja, ikawa pande mbili za mpaka. Mwaka 1917 serikali ya koloni iliweka sheria ya kilimo cha lazima: kila mwanaume wa kijijini alitakiwa kutumia siku 60 kwa mwaka kulima mazao aliyoagizwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo zilipandishwa hadi 120. Aliyekosa alitozwa faini, alifungwa, au alionja fimbo ya kiboko.

Hapa Kivu mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa ardhi kubwa ili kuwagawia walowezi. Yakaja mashamba ya kahawa, chai na pareto. Wakulima wa milima hii, pamoja na familia zilizohamishwa kutoka Rwanda kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 1937, walivuna mashamba hayo bega kwa bega. Muda wa mtu ukawa kitu cha kupimwa, na aliyeupima hakuwa mwenyewe.

Katika miaka iyo hiyo Kivu ilisifiwa Ulaya kama mahali pa mapumziko. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Kwanza alianzisha hifadhi iliyoitwa kwa jina lake, ambayo leo tunaiita Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Wageni walikuja kutazama viboko na tembo, kupanda volkano, na kufurahia hewa ya ziwa lililoko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hatuna sababu ya kuchukia furaha yao. Milima ni mizuri kweli. Lakini tukumbuke kwamba mizigo ya likizo hiyo ilipanda mlima juu ya vichwa vya baba zetu, na kwamba wapo waliohamishwa kutoka katika mashamba na malisho yao ili hifadhi ipate nafasi. Mapumziko ya mmoja yalikuwa kazi ya mwingine.

Swali la nani anastahili kupumzika ni la kale. Katika Agano la Kale amri ya Sabato imetolewa mara mbili. Katika Kutoka, sura ya 20, sababu yake ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, sababu ni nyingine: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, wakatolewa huko. Kwa hiyo mapumziko hayakuwa ya baba mwenye nyumba peke yake. Yalikuwa pia ya mtumwa wake, mjakazi wake, mgeni anayekaa kwake, hata ng’ombe na punda wake. Mtu aliyewahi kunyimwa muda wake alitakiwa asimnyime mwingine. Tunaamini kwamba Wakongo waliotoka katika hesabu ya kazi moja na kazi mbili wanaweza kuyaelewa maneno hayo haraka kuliko wasomi wengi.

Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliamuru mahakama na karakana za mijini zifungwe siku ya Jumapili. Karne nyingi baadaye viwanda vya Ulaya vilikuja kuimeza siku hiyo, na watoto wakasimama mbele ya mashine saa kumi na mbili au zaidi kwa siku. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika waraka wa Rerum Novarum, akasema wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kupumzika, na kwamba haki hiyo haiwezi kuuzwa hata kwa mkataba aliouridhia mwenyewe. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba unaodai saa 24 za mapumziko katika kila siku saba kwa wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata majuma mawili ya likizo yenye malipo. Familia ambazo hazikuwahi kuiona bahari zilipanda treni na baiskeli kwenda kuitazama. Likizo ambayo leo inaonekana Ulaya kama kawaida ya maisha ilipiganiwa na watu waliochoka.

Nchi yetu pia ina sheria. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa juma, na inataka kila mfanyakazi apate mapumziko ya juma na likizo ya mwaka. Lakini tutembee kidogo kutoka Birere hadi Kituku, tuwahesabu wanaoijua sheria hiyo. Kijana anayesukuma chukudu yenye magunia ya makala hana karatasi ya kuombea likizo. Mama anayeuza sambaza hana mwajiri wa kumwambia kaa nyumbani. Wanaishi kwa kile kilichopatikana leo. Kwao siku bila kazi ni sufuria bila chakula, na kijana wa parokia anayehubiri mapumziko mbele yao bila kulijua hilo atakuwa anasema maneno mepesi.

Hata hivyo, wavuvi wa sambaza wenyewe wanatufundisha jambo. Samaki huyo aliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavuvi hupiga makasia wakiimba. Mwezi unapokuwa mkubwa, mwanga wa taa haumvuti tena samaki, na kazi husimama. Basi nyavu hushonwa, mitumbwi hutazamwa, na watu hulala usiku pamoja na familia zao. Hakuna aliyewatungia sheria hiyo, nao wanaifuata kwa kuwa ziwa haliamriwi.

Na kalenda ya shule je? Tuliirithi kutoka Ubelgiji. Mwaka unaanza Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Julai, kwa kufuata majira ya joto ya Ulaya. Sisi tuliokaa chini kidogo ya ikweta hatuna majira ya joto ya namna hiyo. Tuna kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua, vumbi jeusi la Nyiragongo huingia katika kila tundu la nyumba, na jioni upepo wa ziwani hupoza mji. Kwa bahati njema, likizo ya wageni imeangukia majira yetu mazuri ya kutembea, kutembeleana na kufanya makambi.

Kanisa liliitumia nafasi hiyo. Huko Turino, Italia, kuanzia miaka ya 1840 Padre Yohane Bosko aliwakusanya siku za Jumapili vijana waliofanya kazi za ujenzi na karakana, akawapa sala, masomo na uwanja wa kucheza. Wakati wa vuli aliwachukua kwa miguu kupitia vijiji hadi nyumbani kwao Becchi, wakiwa na bendi na michezo ya kuigiza. Urithi wake uko hapa hapa mjini, katika kituo cha Don Bosco Ngangi. Na kwa upande wa Bukavu, mwaka 1952 Padre Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika alianzisha mwendo wa Xaveri, ambao umewapeleka vijana wa eneo letu makambini kizazi baada ya kizazi. Ndugu msomaji, muulize mzazi wako kama aliwahi kuvaa skafu. Huenda ukapewa wimbo mzima kabla hujamaliza kuuliza.

Serikali nayo ilijua kwamba anayeshika muda wa vijana ameshika mengi. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku vyama vya vijana vya kidini, ukataka vijana wote waingie katika umoja wa vijana wa chama tawala. Kardinali Malula, aliyepinga jambo hilo katika seminari, alilazimika kukaa miezi kadhaa nje ya nchi. Mwaka 1974 sikukuu ya Noeli iliondolewa katika orodha ya siku za mapumziko ya taifa: tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Katika miaka hiyo pia neno salongo, la kazi ya pamoja, lilipata maana ya kazi ya kuamriwa. Waamini waliendelea kusali Noeli kabla ya kazi au baada yake. Ilikuwa siku bila jina rasmi, lakini waliikumbuka.

Yapo pia mapumziko ya uongo, ambayo mji wetu unayajua vizuri mno. Mwezi Julai 1994, wakati wa likizo kubwa, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua watu kwa maelfu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuliteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliagizwa kuhama, watu wakajaa barabara za Sake na Gisenyi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na kazi za wengi zikasimama. Katika nyakati hizo zote tulikuwa na saa nyingi zisizo na kazi, lakini hatukupumzika. Aliyesimamishwa kwa hofu hajapumzika. Mapumziko yanahitaji amani, au walau watu wachache ambao mtu anaweza kukaa nao bila woga.

Hapo ndipo inapoingia simu. Tuseme ukweli wake kwanza: imetusaidia. Wakati wa mlipuko wa 2021 na wakati wa vita, kwa simu tulijua nani yuko hai na nani amelala wapi. Hatuwezi kuitukana. Lakini simu iyo hiyo imekuwa mnyapara mpya. Mnyapara wa shambani aliondoka jua lilipozama. Huyu analala chini ya mto wetu. Uvumi mmoja wa usiku wa manane unatosha kuiamsha familia nzima. Tunanunua mega kabla ya kununua mkate, tunatazama likizo za watu wa Paris na Dubai, kisha tunaona aibu kwa likizo yetu wenyewe, tukiwa mita mia chache kutoka katika ziwa ambalo wengine walivuka bahari ili waje kulitazama.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kivu ya Kaskazini kuliko vijana wengine wa dunia. Ndani ya simu nyingi mna tantali, madini yanayotokana na koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa Rubaya, katika Masisi yetu. Wanaoichimba kwa sepetu na mikono, katika mashimo yanayoporomoka, ni vijana wa rika letu. Kwa hiyo tunapoweka simu chini kwa siku moja, tusijione kama watu wanaofuata mtindo wa afya. Tunaweza kuitumia siku hiyo kuwakumbuka wale ambao jasho lao limo katika kioo hicho, na ambao kazi moja yao haifiki yenga.

Tunamaliza historia hii kwa mtu mmoja wa mji wetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, kisha akafanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Mwezi Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26, kwa kuwa alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingizwe sokoni. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa Mwenyeheri. Wengi wanaijua sehemu hiyo. Sehemu isiyotajwa sana ni saa zake za baada ya kazi. Akiwa mwanajumuiya wa Sant’Egidio, aliwapa saa hizo watoto wa mitaani, katika Shule ya Amani. Alikaa nao, akawafundisha, akala nao. Alikuwa na kazi nzuri na angeweza kusema amechoka. Tunafikiri kwamba kijana aliyezoea kutoa muda wake bure alikuwa amekwisha kujifunza kutouza dhamiri yake. Watoto wale ndio ambao wangekula chakula kile.

Vijana wapendwa, Bwana wetu aliwaona mitume wake wamerudi kutoka utumeni, watu ni wengi hata hawana nafasi ya kula, akawaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Marko ameliandika jambo hilo katika sura ya 6. Tunawapendekezea mambo manne kwa likizo hii, na kila kikundi kitaongeza yake.

Kwanza, chagueni siku moja kwa juma, iwe yenga yenyewe, ambayo simu zitawekwa ndani ya kikapu kimoja tangu Misa hadi jioni. Mmoja abaki na yake kwa ajili ya dharura, maana tunaishi Goma na hatuwezi kujidanganya. Pili, tembeeni pamoja hadi ziwani. Jihadharini na mazuku, ile hewa nzito inayokusanyika mabondeni na katika mashimo karibu na ufuko: msilale wala kukaa chini mahali wenyeji wanapopakataza, na wadogo wasiachwe peke yao. Tatu, mtafuteni mzee mmoja awasimulie juma la kazi moja hadi posho alivyolijua yeye, nanyi mwandike. Historia hiyo ikizikwa pamoja naye, hakuna simu itakayoirudisha. Nne, tazameni nyumbani kwenu ni nani asiyepumzika. Katika nyumba nyingi Jumapili ya baba na ya watoto hubebwa na mama, au na binti aliyeletwa kusaidia kazi. Chukueni ndoo yake ya maji mara moja, mwoshe vyombo, yeye akae.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Majina ya siku katika lugha ya nyumbani kwenu yanasema nini juu ya kazi na mapumziko?

2. Ni lini mara ya mwisho ulipumzika bila hofu, na nani alikuwa pamoja nawe?

3. Je, kuna mtu ambaye likizo yako inamwongezea kazi? Kikundi kinaweza kufanya nini ili naye apate yenga yake?